SOMO LA KOMPYUTA: KUGEUZA ANWANI YA MPOKEAJI KATIKA SEVA YA BARUA PEPE



Katika kurasa hizi in shaa Allah tutasoma jambo moja, nalo ni jinsi seva ya barua pepe inavyopokea barua iliyoandikiwa anwani fulani na kuipeleka kwa mtu mwenye anwani nyingine. Mafundi huiita kazi hii kuandika upya anwani ya mpokeaji. Sisi kwa ufupi tutasema kugeuza anwani. Ni kazi ya mistari michache, lakini anayeiandika mistari hiyo ndiye anayeamua nani afungue barua ya nani. Kwa hiyo tutakwenda polepole.

BAHASHA SI BARUA

Mkazi wa Nyalikungu anaijua kazi hii hata kama hajagusa kompyuta. Wengi wetu hatuna sanduku letu la posta. Barua ya mwanafunzi huandikwa jina lake, chini yake "kupitia kwa" shule au msikiti fulani, kisha namba ya sanduku na neno Maswa. Mtumishi wa posta hana haja na jina la mwanafunzi. Yeye anatazama namba ya sanduku. Ikishafika shuleni ndipo jina linatazamwa. Bahasha ni moja, wasomaji wake ni wawili, na kila mmoja anasoma sehemu inayomhusu.

Tena mwaka 2012 ulipoanzishwa Mkoa wa Simiyu, sisi wa Maswa pamoja na wenzetu wa Bariadi na Meatu tulitoka katika Mkoa wa Shinyanga, na wa Busega wakatoka Magu katika Mkoa wa Mwanza. Hakuna nyumba iliyohama hata hatua moja, ila anwani zilibadilika. Jamaa aliye mbali aliyeendelea kuandika "Maswa, Shinyanga" hakumkosea mtu, alikosea mkoa tu. Mchambuzi wa barua anayejua kwamba Maswa sasa ni ya Simiyu huielekeza inakotakiwa, bila kufungua bahasha wala kusahihisha herufi moja ya barua iliyomo ndani.

Mfano bora zaidi tunaupata katika Sira. Baada ya Sulhu ya Hudaibiya, ya mwaka wa 6 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliwaandikia barua wafalme. Ile ya Hirakli, mfalme wa Warumi, ilipelekwa na Dihya Al-Kalbi (R.A.). Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Dihya aliikabidhi kwa mtawala wa Busra, na mtawala huyo ndiye aliyeifikisha kwa Hirakli. Tazameni vizuri hapo. Aliyepokea mwanzo ni mtawala wa Busra, lakini barua ilipofunguliwa na kusomwa ilikuwa bado imeandikwa kwenda kwa Hirakli, mkuu wa Warumi. Njia ilikuwa na mpokeaji wake, na maneno yalikuwa na mpokeaji wake.

Barua pepe ni hivyo hivyo. Seva mbili zinapozungumza, ile inayotuma husema kwanza MAIL FROM, yaani imetoka kwa nani, kisha RCPT TO, yaani apewe nani. Hiyo ndiyo bahasha. Ndipo husema DATA na kuileta barua yenyewe, ambayo nayo juu yake ina mistari yake ya From na To. Utaratibu huu uliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, ukarekebishwa mwaka 2001 na tena 2008, lakini mpango wa bahasha na barua haukuguswa. Mwanafunzi akiona mstari wa To unasema jambo moja na barua imefika pengine, asidhani mashine imeharibika. Seva inafuata bahasha. Ule mstari wa To ni wa macho ya msomaji.

Kazi ya kugeuza anwani ilifika Afrika ya Mashariki mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla nchi zetu hazijaunganishwa na intaneti kamili, barua za baadhi ya mashirika zilipita katika FidoNet, mtandao ulioanzishwa Marekani mwaka 1984 na Tom Jennings, ambamo kompyuta zilipigiana simu na kubadilishana mafurushi ya barua. Nairobi kulikuwa na kituo cha namna hiyo katika shirika la mazingira la ELCI, kilichowasiliana na GreenNet ya London. Anwani za FidoNet hazikuwa na alama ya @. Zilikuwa na jina la mtu na namba za kanda, mtandao na kituo. Afrika ilikuwa kanda ya 5. Kwa hiyo kwenye lango la kuingilia intaneti kila anwani ilibidi igeuzwe: kanda ikawa z5, mtandao ukawa n pamoja na namba yake, kituo kikawa f pamoja na namba yake, na mwisho pakabandikwa fidonet.org. Tarakimu moja ikikosewa, barua ilikuwa na uwezo wa kuangukia kituo cha nchi nyingine.

MTU ANA SANDUKU, KAZI INA LAKABU

Katika somo hili tunatumia Postfix, programu ya seva ya barua iliyoandikwa na Wietse Venema alipokuwa IBM na kutolewa mwaka 1998. Ni ya bure, nayo hukaa katika mashine ya Linux hata ikiwa kuukuu. Jina la kikoa tutakalolitumia ni madrasa.example. Mwisho huo wa .example ulitengwa mwaka 1999 kwa ajili ya vitabu na mafunzo, ili mtu anayejaribu asije akatuma barua kwenye kikoa cha wenyewe. Kikoa cha kweli cha madrasa hapa nchini kingeishia na .or.tz au .sc.tz.

Kanuni tunayoishika ni kwamba kila mwalimu anapewa sanduku lenye namba, na kila kazi ya madrasa inapewa lakabu. Watu wa nje wanaandikia lakabu. Seva ndiyo inayojua lakabu hiyo leo inakwenda sanduku gani. Serikali yetu hufanya karibu na hivyo: utaona katika anwani nyingi za mikoa neno ras@, yaani Katibu Tawala wa Mkoa, na katika halmashauri ded@, yaani Mkurugenzi Mtendaji. Watumishi wanahamishwa, cheo kinabaki, na mwananchi haulizwi kama anajua nani amekuja badala ya nani.

Faili la kwanza ni main.cf, nalo linapata mistari hii mitatu:

mydestination = posta.madrasa.example, localhost
virtual_alias_domains = madrasa.example
virtual_alias_maps = hash:/etc/postfix/virtual

Mstari wa kwanza unasema masanduku halisi yako katika mashine iitwayo posta. Wa pili unasema kikoa cha madrasa.example hakina sanduku hata moja, kina lakabu tupu. Wa tatu unaonyesha jedwali la lakabu liko wapi. Kikoa kimoja kisiandikwe katika mstari wa kwanza na wa pili kwa pamoja. Postfix italalamika katika daftari lake la matukio. Katika mashine za karibuni huenda ukahitaji kuandika lmdb mahali pa hash. Amri ya postconf default_database_type itakuambia mashine yako inatumia ipi.

Faili la pili ni jedwali lenyewe, /etc/postfix/virtual. Kushoto ni anwani iliyoandikwa na mtumaji, kulia ni anwani itakayowekwa katika bahasha:

postmaster@madrasa.example sanduku1@posta.madrasa.example
mudir@madrasa.example sanduku2@posta.madrasa.example
mhasibu@madrasa.example sanduku5@posta.madrasa.example
malezi@madrasa.example sanduku7@posta.madrasa.example
walimu@madrasa.example mudir@madrasa.example, mhasibu@madrasa.example, malezi@madrasa.example

Mstari wa postmaster si wa hiari. Kanuni za barua pepe zinamtaka kila mwenye seva aipokee anwani hiyo, ili mtu wa nje aliyepatwa na tatizo apate pa kulalamikia. Mstari wa mwisho una faida ya kutazamwa. Lakabu ya walimu inaelekea kwenye lakabu nyingine, na Postfix hurudia kutafuta mpaka isipopata tena cha kugeuza. Kwa hiyo mhasibu akibadilika tunagusa mstari mmoja tu, nao walimu@ inajirekebisha.

Baada ya kuandika tunatoa amri ya postmap /etc/postfix/virtual ili jedwali ligeuzwe kuwa namna ambayo mashine inaisoma upesi. Wengi wanasahau hatua hii, kisha wanashangaa kwa nini mabadiliko yao hayaonekani. Main.cf ikibadilika tunaongeza postfix reload.

Kuna mtego upande wa kulia. Ukiandika sanduku7 peke yake, bila kikoa, Postfix huongeza kikoa kilichotajwa katika myorigin. Kama myorigin ni madrasa.example, anwani inakuwa sanduku7@madrasa.example, inatafutwa tena katika jedwali, haimo, na barua inarudishwa kwa aliyeituma. Andika anwani nzima nzima, utasalimika.

MLANGO WA KUPOKEA KILA KITU

Postfix hutafuta kwanza anwani kamili. Ikiikosa, mwishoni hutafuta mstari unaoanza na @ tupu, kama huu:

@madrasa.example sanduku9@posta.madrasa.example

Maana yake ni kwamba jina lolote lile, liwe lipo au halipo, linapelekwa sanduku la 9. Mafundi wengi wanaupenda mstari huu kwa sababu hakuna barua inayokataliwa. Sisi hatuupendi, na tunaomba msiuweke.

Chukueni mfano wa mama mlezi aliyeko Bariadi, ambaye mtoto aliyemleta kwetu ana ugonjwa ambao hataki ujulikane kwa majirani. Anataka kumwandikia mwalimu wa malezi, anakosea, anaandika malzi@. Bila ule mstari, seva yetu inaijibu seva yake pale pale kwa namba 550, mtu huyu hayupo, na mama anaarifiwa, anatazama tena, anasahihisha. Pakiwepo ule mstari, barua inapokelewa vizuri. Mama anaamini imefika. Nayo imelala katika sanduku la 9 pamoja na mamia ya barua za matangazo ya ulaghai, au imesomwa na mtu ambaye habari ile haikuwa haki yake. Kukataliwa barua mlangoni kulikuwa na huruma zaidi kwake.

Mbaya kuliko huo ni mstari unaogeuza kikoa kizima kwenda kikoa kingine, @ kwa @. Hapo Postfix haiwezi tena kujua jina gani lipo na lipi halipo. Inapokea yote, kisha ikikataliwa mbele inaanza kurudisha barua kwa watumaji, na kwa kuwa walaghai hughushi jina la mtumaji, wanaorudishiwa ni watu wasiohusika kabisa.

MWALIMU AKIONDOKA

Tuseme mwalimu wa malezi amepata kazi mahali pengine. Katika madrasa nyingi lakabu kama malezi@ haipo. Wazazi walikuwa wakimwandikia kwenye anwani yake binafsi ya Yahoo au Gmail, na akiondoka anaondoka na barua zote. Au lakabu ipo, ila fundi aliielekeza kwenye anwani hiyo binafsi kwa urahisi, na baada ya yeye kuondoka hakuna aliyekumbuka ule mstari. Mwaka unapita. Walezi wanaandika habari za watoto wao kwa mtu asiye mwalimu wao tena. Ikiwa lakabu hiyo ni ya mhasibu jambo ni zito zaidi, kwa maana mfadhili wa yatima anaweza kuuliza namba ya akaunti na akajibiwa na mtu asiye na mamlaka ya kujibu.

Kwa lakabu ya kazi, siku mwalimu anapokabidhi funguo za darasa, siku hiyo hiyo namba ya sanduku ibadilishwe katika jedwali na postmap ifanywe. Kisha tujaribu:

postmap -q malezi@madrasa.example hash:/etc/postfix/virtual
sendmail -bv malezi@madrasa.example

Amri ya kwanza inaonyesha jedwali linasema nini. Ya pili haitumi barua kwa mtu. Inakuletea taarifa ya barua ingefika wapi baada ya kugeuzwa kote. Pima kwa zote mbili, kwa sababu jedwali huweza kuwa sahihi na njia ikawa mbovu.

Sanduku binafsi la mwalimu ni jambo jingine, kwa kuwa zile ni barua zake. Postfix ina jedwali liitwalo relocated, ambalo humjibu mtumaji kwamba mtu huyu amehamia anwani fulani. Ni adabu nzuri, ila mwenyewe aulizwe kwanza, kwani si kila aliyehama anataka kila mtu ajue alikohamia.

Kuhusu kuelekeza barua kwenda Gmail au Yahoo kuna tatizo la kiufundi pia. Vikoa vingi hutangaza, kwa utaratibu uitwao SPF, ni seva zipi zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lao. Barua ya mtu wa kikoa kingine ikipitia kwetu kwenda Gmail, kule inaonekana imetoka katika mashine ya madrasa, ambayo haimo katika orodha hiyo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wameongeza ukali katika kuwapima watumaji. Kuna programu za kugeuza pia jina la mtumaji kwenye bahasha ili kipimo hicho kipite, lakini dawa tunayoipendekeza ni nyepesi: sanduku libaki nyumbani, na mwalimu alisome kwa simu yake.

MUHURI USIVUNJWE

Postfix ina njia nyingine ya kugeuza, iitwayo canonical. Tofauti yake na virtual ni kwamba virtual hugusa mpokeaji wa bahasha peke yake, na canonical huweza kugusa hata mistari ya juu ya barua. Ina kazi zake, kwa mfano kusawazisha majina ya watumaji wa ndani. Lakini barua nyingi siku hizi huja na saini ya DKIM, ambayo hukokotolewa kutokana na maneno ya barua na baadhi ya mistari yake ya juu. Ukibadilisha mstari uliotiwa saini, saini inaanguka.

Wanafunzi wa Tarekh wanakumbuka habari ya Muawiya (R.A.). Wanahistoria wanasimulia kwamba aliamuru Amr bin Zubeir alipwe dirham 100,000 na Ziyad, gavana wa Iraq, akampa barua aipeleke mwenyewe. Amr akaifungua njiani, akaifanya laki moja kuwa laki mbili. Hesabu zilipoletwa Muawiya akakana kuandika hivyo, na kutokana na tukio hilo akaanzisha diwani ya muhuri, ambayo barua zote zilifungwa na kupigwa muhuri kabla ya kutoka. DKIM ni muhuri wa namna hiyo. Anayegeuza anwani ana haki na bahasha. Hana haki na yaliyomo ndani.

Tunataja kwa haraka chombo kimoja tusichotaka mkitumie kwa siri: recipient_bcc_maps. Huongeza mpokeaji wa pili bila mtumaji wala mpokeaji wa kwanza kujua. Mtu mwenye ufunguo wa seva anaweza kwa mstari mmoja kusoma barua za madrasa nzima. Katiba ya nchi yetu katika ibara ya 16 inahifadhi mawasiliano binafsi ya mtu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inagusa habari za watoto wetu, na sisi kabla ya hizo tumekwisha amrishwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, kuzirudisha amana kwa wenyewe. Kwa hiyo katika mashine ya mafunzo tumeweka utaratibu huu: kila mstari wa jedwali una maelezo juu yake, yakianza na alama ya #, yanayosema nani aliagiza na tarehe gani, na jedwali zima huchapwa na kusomwa mbele ya mudir kila mwanzo wa muhula. Kusoma karatasi hiyo hakuchukui hata dakika 10.

MAZOEZI

1. Lakabu walimu@ inaelekea malezi@, na mwalimu wa malezi ameweka sanduku lake liirudishe kila barua kwa walimu@. Chora njia ya barua moja. Kisha eleza kwa nini Postfix huandika mstari wa Delivered-To juu ya barua inapoifikisha sandukuni.

2. Andika jedwali la madrasa yenye mudir mmoja, walimu wanne na mhasibu ambaye pia ni mwalimu. Mhasibu anakwenda Hijja kwa siku 40. Ni mistari mingapi utabadilisha, na ni ipi utakayoiacha?

3. Barua imefika sanduku la 7, lakini mstari wake wa To umeandikwa mudir@madrasa.example. Taja sababu mbili zinazoweza kuleta hali hiyo bila kosa la mtu yeyote.

4. Mwalimu wa malezi amefariki, Allah amrehemu. Sanduku lake lina barua 60 ambazo hazijasomwa. Baadhi zilikuja kwa lakabu ya kazi na baadhi kwa jina lake mwenyewe. Mjane wake anaziomba zote, na mwalimu mpya anaziomba zote. Zitenganishe kwa kutazama mstari wa X-Original-To, ambao Postfix huuandika juu ya barua kuhifadhi anwani ya bahasha kabla haijageuzwa, kisha andika ni zipi atapewa nani, na zile ambazo mlezi aliandika siri ya mtoto lakini akazituma kwa jina la marehemu zifanyweje.